Msimu ukifunguka anza na wadogo: kuvua mtoni kwa kiboya

Kila msimu ukifunguka ni yale yale, watu wanakimbilia lile dimbwi refu la kila mwaka wakiwa na ndoana kubwa kama kulabu za buchani, wanakaa pale mpaka jua linazama wakisubiri jitu la kilo nne, jioni wanarudi na hadithi tu. Mimi siku za mwanzo nafanya kinyume, nachukua fimbo nyepesi, kiboya kimoja chembamba na kopo la chambo, naenda sehemu ya mto yenye maji ya magotini mpaka kiunoni navua wadogo, wale wa kiganja, wengine hata kiganja hawajazi. Ukitaka kujua mto umeamkaje baada ya miezi ya kuachwa peke yake, wadogo ndio watakwambia, na mkono wako wenyewe umelala unahitaji kuamshwa taratibu.

Sasa kabla sijaingia kwenye vifaa niseme lile ambalo ndio limenifanya niandike yote haya. Watu wengi wanadhani kiboya ni kengele, yani kazi yake kuzama samaki akiuma, basi. Hiyo ni kazi ya pili. Mtoni kiboya kazi yake ya kwanza ni kubeba, kinabeba chambo kwenye kina fulani na kwa mwendo fulani, na kina kikikosewa au mwendo ukikosewa hiyo kengele haitalia hata ulale palepale. Nilikaa miaka kadhaa bila kulijua hili. Siku moja mzee mmoja alikuwa amekaa juu kidogo ya pale nilipokuwa, ana ufito tu hana hata rili ya kuzungushia uzi, anatoa kasamaki baada ya kasamaki, mimi kimya. Nikamwamkia, nikamuuliza mzee wangu unatumia chambo gani, akacheka akasema, "Mwanangu, chambo ni hicho hicho chako. Ila kiboya chako kinakimbia kama kinadaiwa." Nikaangalia, kweli kinakimbia.

Tutalirudia hilo, ndio moyo wa habari yote. Tuanze nyumbani.

Ukitoa vifaa vilikokaa miezi mingi usiviamini. Nailoni inachoka, jua linaila, na ikikaa imezungushwa kwenye rili inajikunja kama chemchemi, sasa ukiitupa majini inakaa vipete vipete na kiboya hakiendi sawa. Vuta mita kama 20 za mwanzo uzikate utupe, usizione huruma, kisha chukua kipande funga fundo uvute kwa mikono, likikatika kirahisi badilisha uzi wote. Msimu mmoja nilijifanya mjanja nikasema huu uzi bado mzuri, samaki wa tatu tu akanikatia juu ya kiboya, nikabaki namwangalia akienda nacho, kile chekundu kinachungulia kinazama kinachungulia, mpaka kikaingia kwenye matete. Roho iliniuma kwa ajili ya kiboya lakini zaidi kwa samaki anayeburuta mzigo ule. Tangu siku hiyo nakata bila kujiuliza.

Pete za fimbo nazo zipitishie pamba, ikinasa nyuzinyuzi ujue kuna ufa, na ufa huo utakusagia uzi mpya siku moja tu. Ndoana yenye kutu hata usiifikirie. Na kabla hujatoka ulizia sheria za mto wako, maana tarehe za kufunga na kufungua, kibali na ukubwa wa samaki vinatofautiana sana, nchi na nchi na hata mto na mto. Uingereza kwa mfano mito yao kwa hawa samaki wa kawaida inafungwa kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni na watu wanarudi majini 16 Juni, shabaha ikiwa ni kuwaacha wazaliane. Kwingine wanafuata mvua. Sababu ni hiyo hiyo.

Haya vifaa. Kama mto ni mdogo na unaufikia kwa ufito wa mita 4 au 5 usio na rili, tumia huo, sikutanii, kwa samaki wadogo hakuna kitu kinachoshika kiboya vizuri kama ufito mrefu unaokuwezesha kuwa juu yake moja kwa moja. Uzi unafungwa kwenye ncha, urefu wake ukaribiane na wa ufito au upungue kidogo. Ila kama unataka kiboya kiende mbali na mkondo, mita 10, 15, basi fimbo yenye rili, ndefu kiasi, kuanzia mita 3 na nusu kwenda juu, kwa sababu fimbo ndefu inaunyanyua uzi usilale majini. Fimbo fupi ngumu za kuvulia samaki wakubwa ziache, zinawachana midomo hawa.

Uzi mkuu wa milimita 0.14 au 0.16 unatosha, na kile kipande cha mwisho kinachoshika ndoana kiwe chembamba zaidi, 0.10 mpaka 0.12, urefu kama sentimita 30. Faida yake ndoana ikinasa kwenye mzizi unapoteza kipande hicho tu, kiboya kinabaki. Ndoana namba 16 mpaka 20, na kumbuka namba zinavyopanda ndoana inapungua, mtu mgeni anaomba namba 4 akidhani ndio ndogo. Ule mwiba mdogo wa ndani ubonyeze kwa koleo ulale, kumtoa samaki inakuwa kazi ya sekunde.

Kiboya sasa. Kwa maji yanayotembea tafuta chembamba kirefu kinachokamatwa na uzi sehemu mbili, juu na chini, kwa vimipira vidogo vinavyobana, sio kile cha kubanwa chini peke yake. Kinachobanwa chini peke yake ni kizuri kwenye maji tuli au upepo mkali, uzi unazama chini ya maji na upepo hauupati, lakini hakizuiliki, ukikivuta kinazama chote. Chenye kushikwa juu na chini unakizuia kinakaa wima. Na yale maboya ya duara makubwa kama malimau, yaache. Kasamaki kanadonoa chambo, boya halina habari.

Uzito wa kiboya upime na maji, kanuni yangu ni gramu 1 kwa kila mita moja ya kina kwenye mkondo wa polepole na unaongeza maji yakienda kasi. Wasiwasi ukiwa kati ya chepesi na kizito chukua kizito kidogo, hapa najua wengi watanibishia, lakini kiboya chepesi mno kwenye mkondo hukiongozi, kinakuongoza wewe.

Virisasi, vile vizito vidogo vya kubana kwenye uzi, ndio vinakifanya kisimame. Vya madini ya risasi nchi nyingine vimekatazwa, Uingereza walipiga marufuku kuviuza tangu 1987, vile vya saizi ya kawaida kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35, kwa sababu bata maji walikuwa wakivimeza na kufa kwa sumu, kwa hiyo vya bati ni bora popote ulipo na vinabana vizuri tu. Chukua saizi ndogo ndogo. Kile kinachoitwa namba 8 kina kama gramu 0.06, namba 6 gramu 0.1, namba 4 gramu 0.2, na BB gramu 0.4, hizo nne zinatosha kabisa.

Usipange virisasi ukiwa mtoni mikono inatetemeka kwa hamu, panga nyumbani kwenye ndoo ya maji. Ongeza kimoja kimoja mpaka ibaki ncha tu nje, milimita 3 au 5, basi. Hapa ndipo uvivu unapogharimu watu, wanaacha sentimita 2 za kiboya zinapepea hewani, sasa kale kasamaki ka gramu 20 unategemea kazamishe mnara wote ule?

Mpangilio wenyewe uko wa aina mbili na hutahitaji wa tatu. Maji ya polepole au samaki wanaokula katikati ya maji, panga virisasi vidogo umbali sawa kutoka chini ya kiboya mpaka karibu na ndoana, kama vifungo vya shati, na vile vidogo kabisa viwe chini. Chambo kinashuka polepole kama kitu kilichojidondokea chenyewe. Maji ya kasi au yenye kina, kusanya vingi pamoja sentimita 50 hivi juu ya ndoana, kisha kimoja kidogo peke yake sentimita 15 au 20 kutoka kwenye ndoana. Hicho cha mwisho kina kazi kubwa kuliko udogo wake, nitakieleza tukifika kwenye kuuma.

Kuchagua mahali. Mwanzo wa msimu mto haujatulia, aidha umetoka kwenye mafuriko au kwenye baridi, na samaki hawako pale ulipowaacha. Maji yakiwa bado ya baridi samaki naye anakuwa wa baridi, mwili wake unafuata joto la maji, akila anasaga taratibu na hataki kupigana na mkondo, kwa hiyo mtafute kwenye maji ya polepole yenye kina cha kutosha na wala usijitese kuamka alfajiri, nenda mchana jua likishayagusa maji. Yakishapata joto wanapanda kwenye maji mepesi yenye changarawe yanayochemka chemka, hewa ni nyingi huko.

Rangi ya maji ndio kipimo changu cha kwanza. Naingiza mguu pale pembeni taratibu mpaka maji yafike katikati ya goti na kifundo, nikiona vidole vyangu kama kwa ukungu hivi, siku nzuri. Nikiviona vizuri kabisa na kucha zake, nitavua kwa uzi mwembamba na nitakaa mbali. Nisipoviona kabisa, maji ni ya matope bado, navua karibu na ukingo kabisa chini kabisa na chambo kinachonuka kama nyungunyungu, au naahirisha. (Kama mto wako una wakaazi wenye meno marefu usiingize mguu wowote, tumia kijiti cheupe.)

Alafu tafuta mstari. Simama nyuma kidogo uangalie uso wa maji, utaona mahali maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole, kuna kama mkunjo, povu na majani yanapita palepale kwa foleni. Chakula cha mto mzima kinapita kwenye foleni hiyo. Samaki anakaa upande wa polepole, kichwa kimeelekea maji yanakotoka, anachungulia kasi, kitu kikipita anatoka anakidaka anarudi. Ukipata mkunjo wa mita 10 ulionyooka, chini changarawe, kina cha kiunoni, usitafute tena, hapo panatosha siku nzima.

Namna ya kufika pale nayo ni kazi. Samaki ana ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko, ukitembea kwa kishindo ukingoni ameshajua. Na kwa macho, mwanga ukiingia majini unapinda, kwa hiyo dunia yote ya nje anaiona kupitia kama dirisha la duara juu yake, upana wake nyuzi kama 97, na vitu vilivyo chini chini karibu na usawa wa maji anaviona vimebanwa pembeni, hafifu. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba ukisimama wima juu ya ukingo na fulana nyeupe unaonekana kama minara ya simu, ukikaa chini na kichaka nyuma yako huonekani. Kaa. Kivuli chako kisiingie majini.

Umekaa, sasa usitupe kwanza, pima kina. Funga chubwi, yani kizito cha kupimia, kwenye ndoana, tupa pale unapotaka kuvua, kiboya kikizama ujue umekiweka chini mno, kipandishe, kikilala au kikisimama juu juu kishushe, mpaka ncha iwe sawa na maji. Hapo umejua kina. Pima na mita mbili juu maji yanakotoka na mita mbili chini yanakoelekea na kidogo pembeni, utashangaa, chini ya mto sio meza, kuna mabonde na vilima na utakuta shimo dogo ambalo usingelijua. Watu wanaona kupima ni kupoteza muda. Mimi dakika 10 nazitumia kupima tu na sijawahi kuzijutia, kwa samaki wadogo sentimita 10 inatofautisha kupata na kukosa, chambo kikipita juu ya vichwa vyao wengine hawainuki na kikiburuzika kinanasa.

Chambo hakihitaji ufundi. Mabuu ya nzi mawili kwenye ndoana namba 18, yachomwe kwenye ngozi ya ule upande mpana kidogo tu ili yaendelee kujinyonganyonga. Nyungunyungu, kipande cha sentimita 2, sio mzima, mzima anamshughulisha samaki mkiani na ndoana iko kichwani. Mkate, ule wa ndani mweupe, ubane kwenye shina la ndoana na ncha ibaki wazi. Donge la unga nalo sawa, ila lisiwe gumu kama kokoto.

Kuwalisha ndio kunawakusanya, na hapa kuna kitu kizuri cha kujua. Hawa wa jamii ya kuyu na ningu, pamoja na binamu zao wengi wa mito ya Ulaya na Asia, hawana tumbo la chakula kama letu, ni utumbo tu moja kwa moja, wala taya zao hazina meno, meno yako kooni. Hawawezi kula mlo mkubwa wakajilaza. Wanakula kidogo kidogo siku nzima. Basi na wewe walishe hivyo, mabuu sita au manane kila unapotupa kiboya, kila unapotupa, hata kama hakuna kinachouma. Kumwaga kopo zima mwanzo halafu kukaa kimya ni kuwashibisha na kuwapeleka mbali, chakula kinasafiri na wao wanakifuata.

Na usirushie pale kiboya kilipo, rushia juu, maji yanakotoka. Ni hesabu rahisi, angalia jani likipita, hesabu linaenda umbali gani kwa sekunde moja, tuseme nusu mita. Dondosha mabuu machache pembeni kwenye maji unayoona chini yake uhesabu yanachukua sekunde ngapi kufika chini, tuseme 5. Basi chakula chako kitatua kama mita 2 na nusu kutoka pale ulipokirushia, kule maji yanakoelekea. Kama unataka samaki wasimame mbele yako, rushia mita 2 na nusu juu yako. Ukirushia mbele yako utawapanga foleni kwa mvuvi wa chini yako, na atakushukuru.

Sasa tufike kwenye mwendo, pale mzee aliponicheka.

Maji ya mto hayaendi kasi moja kutoka juu mpaka chini. Juu yanakimbia, chini yanasuguana na mawe na mchanga yanapungua. Kiboya kiko juu, chambo kiko chini, kwa hiyo kiboya ukikiachia kinakimbia na maji ya juu kinakiburuta chambo, na samaki aliyeko chini anaona mabuu yote uliyorushia yanapita taratibu isipokuwa hayo mawili yenye haraka. Wewe ungeyaamini?

Dawa ni kukizuia. Tupa kiboya kidogo kuelekea juu au mbele yako, acha kisimame, kisha nyanyua ncha ya fimbo uzi usiguse maji kati yako na kiboya. Kama una rili acha uzi utoke lakini ubane kwa kidole kwenye ukingo wa rili, ukiuachia kidogo kidogo, kiboya kinatembea lakini kinatembea kwa ruhusa yako. Utaona ncha inainama kidogo kuelekea kwako na maji yanatengeneza kama v ndogo mbele yake, hiyo ndio ishara umekizuia kiasi. Ukizuia zaidi kinapanda juu ya maji na chambo kinanyanyuka kutoka chini, kwa hiyo ukitaka kuzuia sana ongeza kina kidogo, sentimita 10 au 15 zaidi ya uliyopima. Lengo ni kiboya kiende polepole kuliko povu linalopita pembeni yake. Angalia povu, sio kiboya peke yake. Povu likikipita, uko sawa.

Nikueleze mtupo mmoja. Kiboya kinatua, kinalala, sekunde moja kinaanza kusimama, virisasi vinashuka kimoja kimoja na kila kimoja kikikaza uzi ncha inashuka kidogo, hatua, hatua, hatua. Imebaki milimita 4 nyekundu. Nabana uzi, kinapunguza mwendo, povu linakipita. Kinafika pale nilipopima nikakuta kilima kidogo, nakizuia kabisa nusu sekunde, chambo kinapanda juu ya kilima kama kinaruka ukuta, naachia, kinashuka upande wa pili. Na hapohapo, nyuma ya kilima, ncha inatoweka, haizami kwa kishindo, inatoweka tu kama mtu amezima taa. Nainua mkono na kuna uhai upande wa pili.

Nusu ya samaki wangu wanakuja hivyo, sekunde ile baada ya kuachia. Ukiona hakuna kinachoumwa kwenye mwendo wa kawaida jaribu kuzuia na kuachia, kuzuia na kuachia, mara tatu nne kwenye safari moja.

Uzi nao utakusumbua, ukilala majini mkondo unaukunja kama upinde unakivuta kiboya pembeni. Usiuvute kwa nguvu, unyanyue kwa ncha ya fimbo uulaze upande wa juu wa mto, taratibu bila kukigusa kiboya. Fanya hivyo kila mita chache, baadaye mkono utafanya wenyewe.

Kuuma sio kuzama peke yake. Kiboya kikisimama ghafla, vuta. Kikienda pembeni, vuta. Kikichelewa kusimama baada ya kutupa, zile hatua zako zilikuwa nne leo zimeishia tatu, ujue kuna aliyedaka chambo njiani, vuta. Na kikipanda juu badala ya kuzama, hicho ndio kile kirisasi cha mwisho kinaongea, samaki amechukua chambo chini na kunyanyuka nacho, uzito umetoka kwenye kiboya, kinainuka. Wageni wakiona kimeinuka wanasubiri kizame. Hakitazama, ameshatema.

Na kuvuta kwenyewe ni kifundo cha mkono tu, kama unainua kikombe, sio kama unang'oa muhogo. Midomo ya hawa ni laini. Samaki mdogo mlete juu juu ya maji upande wa mtiririko wa polepole, aliyejaa kiganja na zaidi mchukue kwa wavu wa mkono, usimnyanyue hewani kwa uzi wa 0.10. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ule utelezi wa mwilini ni kinga yake. Ndoana ikiwa ndani kidogo tumia kijiti chenye ufa kichwani, unapitisha uzi kwenye ufa, unateremsha mpaka kwenye ndoana, unasukuma ndani kidogo inatoka. Ikiwa kooni kata uzi.

Mwanzo wa msimu utakutana na jike tumbo limejaa mayai, au dume mwenye vipele vyeupe vigumu kichwani, wengine wanadhani ni ugonjwa, sio, katika jamii hii madume wengi hutoa vipele wakati wa kuzaliana na vinaondoka vyenyewe. Hao warudishe mara moja, kichwa kielekee maji yanakotoka, mshike mpaka ajiondokee. Ukipata watatu wanne mfululizo wa namna hiyo umekaa kwenye mazalio, hama, hata kama wanauma vizuri, sheria iwe imefungua au haijafungua.

Matatizo mengine ya haraka haraka. Mabuu yanarudi matupu kama maganda, ndoana ni kubwa au wewe ni mzito kuvuta, weka ndoana ndogo zaidi na buu moja. Kiboya kinazama kila kinapofika pale pale na hakuna kitu, ni chini sio samaki, punguza sentimita 5. Walikuwa wanauma vizuri wakaacha ghafla, aidha kuna mkubwa amekuja kuwinda au wamerudi nyuma mita chache kwa kuogopa kelele, acha kiboya kiende mbali zaidi kabla hujabadilisha kitu chochote. Upepo mkali ukikupiga usoni funga virago utafute kona yenye kinga, kiboya cha kuzuia na upepo wa usoni haviivi chungu kimoja. Uzi ukikufunga fundo la ajabu usikae kulifungua nusu saa, kata funga upya, jua halikusubiri.

Ukirudi, anika wavu, futa fimbo, legeza uzi, na ndoana zilizolowa usizirudishe kwenye kasha pamoja na kavu. Mabuu yaliyobaki yaweke mahali pa baridi. Yakianza kuwa mabundo yenye ganda la rangi ya kahawia usitupe, ni chambo kizuri kuliko hata mabuu yenyewe, ila yapime kwenye bakuli la maji, yaliyo mekundu mekundu yanazama ndio ya kulishia, yaliyoiva yakawa meusi yanaelea, hayo weka kwenye ndoana tu yakusaidie kuupunguza uzito wake. Na kifuniko cha kopo kikague mara mbili. Mimi nilikisahau wazi ndani ya gari, nikaja kulifungua baada ya wiki mbili, nzi waliotoka mle sikuwahesabu.